Sijisikii kuumwa, mbona naambiwa moyo wangu una makovu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34 na watoto wawili. Kaka yangu alianguka uwanjani akicheza mpira, akafariki palepale. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kiasi, nasi ndugu tukaambiwa tukapimwe. Nami nimekutwa na ugonjwa huohuo: ukuta wa kati wa moyo una unene wa milimita 19. MRI (picha ya mwili kwa sumaku) imeonyesha kovu kwenye ukuta huohuo, na kile kimashine cha kuvaa siku mbili kilinasa mapigo saba ya kasi yaliyofuatana, usiku nikiwa nimelala. Sijawahi kuzimia, kifua hakiniumi, ngazi napanda vizuri. Hilo kovu limetoka wapi? Na kwa nini naambiwa habari za kuwekewa kifaa kifuani ilhali siumwi?
*Mama wa wawili*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba wa kaka.

Nianze na hilo la “siumwi”, kwa sababu ndilo linalonihangaisha zaidi kwa wagonjwa wa aina yako. Katika ugonjwa huu wa misuli ya moyo kunenepa (kwa Kiingereza hypertrophic cardiomyopathy), unavyojisikia na hatari uliyonayo ni mambo mawili tofauti. Nimewaona wanaohema kwa hatua kumi ambao mapigo yao hayana tatizo lolote, na nimewaona wazima kama wewe ambao nisingethubutu kuwaambia waende nyumbani wakalale tu.

Kovu lako halikutokana na kidonda, wala si lazima uwe umepata shambulio la moyo. Umerithi hitilafu katika protini zinazoufanya msuli ujikunje. Seli ambazo zingejipanga kwa mistari zimekaa shaghalabaghala, zinatumia nguvu nyingi kuliko kawaida, na mishipa midogo inayozilisha damu kuta zake zimenenepa hadi njia ikawa finyu. Seli zikikosa damu ya kutosha hufa kidogokidogo, mwaka hadi mwaka, na mahali pake panajaa nyuzi ngumu. Ile dawa uliyochomwa kabla ya picha, gadolini, huondoka haraka kwenye msuli mzima lakini hukawia kwenye kovu. Ndiyo maana baada ya dakika kama kumi kovu hung’aa jeupe.

Sasa mapigo. Kovu halipitishi umeme, ila katikati yake hubaki vijinyuzi hai vinavyoupitisha polepole. Umeme ukipenya humo na kutokea upande wa pili, unakuta msuli umeshapumzika na uko tayari kusisimka tena, basi unauzunguka upya, kama gari lililoingia kwenye kiplefti likakosa pa kutokea. Yako yalizunguka mara saba yakakatika yenyewe. Yasipokatika, vyumba vya chini vinaweza kuanza kutetemeka bila kusukuma damu, na hapo mtu huanguka. Inaelekea ndivyo ilivyokuwa kwa kaka yako.

Rudi ukaulize kovu ni asilimia ngapi ya msuli wa chumba cha chini cha kushoto. Ripoti zinazoandika “kovu lipo” na kuishia hapo huniudhi. Utafiti wa mwaka 2014, uliofuatilia wagonjwa karibu 1,300, ulionyesha kuwa kovu likifika asilimia 15 hatari ya kifo cha ghafla huwa kama maradufu ya asiye na kovu. Milimita 19 peke yake isingenitisha. Zingekuwa 30, tungezungumza mengine. Kwako kinachonigusa ni mkusanyiko: kaka, mapigo saba, na kovu.

Kwa hiyo daktari wako hajakurupuka. Ningekuwa mimi, ningekigusia pia kifaa cha kuwekwa kifuani. Kifaa hicho, ambacho binadamu wa kwanza aliwekewa mwaka 1980, hakiponyi kovu. Kinasikiliza mapigo, na yakivurugika kinashtua moyo. Kina kero zake: huweza kushtua bila sababu, waya huweza kukatika au kupata maambukizi, na betri ikiisha hubadilishwa kwa upasuaji. Vidonge vya kupunguza kasi ya moyo husaidia dalili, ila hakuna uthibitisho kwamba vinazuia kifo cha ghafla, kwa hiyo usivikubali kuwa mbadala.

Watoto: kila mmoja ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kurithi. Kipimo cha jeni kianzie kwako. Kosa likipatikana, mtoto asiye nalo hana haja ya kufuatiliwa tena. Lisipopatikana, na kwa wengi halipatikani, wapimwe wote wawili ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kila mwaka mmoja au miwili.

SWALI: Baba ana ugonjwa huohuo. Juzi vyumba vya juu vya moyo vimeanza kupiga ovyo, akapewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Hana presha wala kisukari. Anaihitaji kweli?

JIBU: Anaihitaji. Ile hesabu ya umri, presha na kisukari tunayotumia kukadiria hatari ya kiharusi kwa wagonjwa wengine hapa haitumiki. Ugonjwa huu ukiungana na mapigo hayo, damu huganda kwa urahisi ndani ya moyo, na donge likipanda kichwani ni kiharusi. Asiiache hata mapigo yakitulia, kwani hurudi, na mara nyingi hurudi bila mwenyewe kuhisi chochote.