Maduara nyekundu au maduara mekundu?

SWALI: Mwalimu mbukwenyi, mi nipo Nkuhungu hapa Dodoma, natengeneza sanaa ya maumbo kwenye laptopu kwa programu ya kuchorea ya Inkscape, yaani hakuna mtu wala mti, ni maduara, miraba na pembetatu tu nazipanga, nazungusha, napishanisha, halafu naprinti kwenye kanvasi nauza. Juzi nimepost moja nikaandika "Maduara nyekundu, miraba nyeusi na pembetatu za bluu", mteja akanambia kazi kali ila Kiswahili kibovu. Nimekosea wapi? Na leya, yaani zile layer za kupanga maumbo moja juu ya jingine kwenye programu, ni Kiswahili au niseme tabaka?

JIBU: Za huko Nkuhungu mdogo wangu. Mteja ana haki, ila pembetatu za bluu umepatia kabisa, hiyo usiiguse.

Shida ni kwamba tumezoea kusikia "rangi nyekundu" tangu chekechea mpaka tunadhani nyekundu ndo jina la rangi, halibadiliki. Kumbe ile ny- imefuata neno rangi, rangi hii nyekundu, rangi hii nyeusi. Ukiitoa rangi ukaweka duara lazima useme duara jekundu, maduara mekundu, na mraba ni mwekundu, miraba myekundu. Pembetatu yenyewe iko ngeli moja na rangi ndo maana pembetatu nyekundu inakaa vizuri tu, iwe moja au ziwe hamsini. Yaani kwenye Inkscape ukiandika FF0000, ile kodi ya rangi nyekundu, umbo lolote linapokea rangi ile ile, hakijabadilika kitu, ila ukija kwenye kapsheni kila umbo linataka herufi zake.

Malevich, yule mchoraji aliyeonyesha mraba mtupu kule Urusi mwaka 1915, kazi yake kwa Kiswahili ni Mraba Mweusi, ukiniandikia Mraba Nyeusi nasikia kabisa kuna kitu kimekwama. Na hapa kwetu, ile michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO 2006, kuna myekundu na kuna myeupe, sio nyekundu na nyeupe.

Sasa zinazobadilika hivi ni tatu tu, -ekundu, -eusi na -eupe. Nyingine zote tumeazima majina ya vitu au lugha za watu, kijani ni majani, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, bluu tumeichukua kwa Mwingereza, kwa hiyo zinataka ya, wa au za katikati: maduara ya kijani, mraba wa zambarau, pembetatu za bluu. Ukiona ngeli zinakuchanganya na mteja anasubiri, irudishe rangi yenyewe, "maduara ya rangi nyekundu", hapo hakuna wa kukusahihisha.

Mduara nao upo, mduara mwekundu, miduara myekundu, ila vitabu vya hesabu vinasema duara, na mi nikisikia mduara akili inaenda kwenye ngoma moja kwa moja.

Leya iandike tu, leya hii leya hizi, mafundi wote wa grafiksi wanaelewa. Tabaka ni zuri ukiwa unamweleza mtu asiyejua kompyuta kwamba maumbo yamelaliana, tabaka la juu limefunika la chini. Kapsheni yako basi: "Maduara mekundu, miraba myeusi na pembetatu za bluu." Ipost upya kabla hujaprinti nyingine.