Kwa nini Ufaransa ina ushindani zaidi wa intaneti kuliko Marekani

Umeuliza kwa nini Mfaransa ana kampuni kadhaa za kuchagua ilhali Mmarekani mara nyingi ana moja au mbili. Sababu ilianzia kwenye waya wa shaba uliotoka kituo cha simu hadi nyumbani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 iliwalazimisha wenye nyaya hizo kuwakodishia washindani. Fundi alichomoa jozi ya waya ya mteja pale kituoni na kuiunganisha na mtambo wa kampuni mpya; barabara haikuchimbwa. Ndivyo Free, kampuni changa ya intaneti ya Ufaransa, ilivyoweza kuuza intaneti kwa euro 29.99 kwa mwezi mwaka 2002.

Marekani ilielekea kwingine: mwaka 2005 FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo, iliziondolea kampuni za simu wajibu wa kuwauzia watoa huduma wengine kwa bei ya jumla njia za DSL, yaani intaneti ya kasi inayopita kwenye waya wa simu.

Lakini sheria tupu haitoshi. Mwenye mtandao anaweza kudai chumba cha mitambo kimejaa, kumchelewesha fundi, au kupandisha kodi ya waya hadi ikaribie bei yake mwenyewe ya rejareja, mshindani abaki bila faida. Mdhibiti asipopanga kodi na siku za kuunganisha, ushindani unabaki kwenye karatasi.