Kama kani ya kuvuta na msuguano ziko sawa, mbona sanduku linakwenda? (jibu refu kwa dada wa Form 3)

Assalam aleikum wanajukwaa. Dada, swali la kijana wako nimelisoma na majibu ya wenzangu pia nimeyasoma, na kwa vile uzi ushakuwa mrefu nalirudia swali kwanza ili anaeingia saa hii asipotee. Sanduku la kilo 50 linavutwa sakafuni kwa kamba iliyolala sawa na sakafu, kani ya kuvuta ni 200 N (nyutoni, kipimo cha kani), linakwenda kwa kasi isiyobadilika ya 0.6 m/s. Wametaka msuguano, koifishenti ya msuguano, pawa ya mvutaji, alafu kani ikipandishwa hadi 260 N mchapuko (yaani kila sekunde kasi inaongezeka kiasi gani) utakuwa ngapi. Kijana kaandika msuguano 200 N akapata tiki, kwenye pawa kaandika sifuri akapigwa kosa, na alivorudi nyumbani akakuuliza lile swali ambalo kwangu mimi ndo zito kuliko yote manne ya mwalimu: ikiwa kani ya kuvuta na msuguano ziko sawa, mbona sanduku linakwenda badala ya kusimama?

Kuna waliomjibu hapo juu ati ile ya kuvuta imezidi kidogo tu, haionekani. Hapana jamani. Jibu hilo litamharibia kila swali litakalofuata, naomba lisimkae kichwani hata siku moja.

Mimi nafundisha watoto wa mtaa hapa Langoni, Lamu, jioni baada ya alasiri, na miaka yote hii naona wanakwama mahali hapo hapo. Si hesabu, hesabu ya swali hili ni kuzidisha na kugawanya tu. Wanakwama kwa sababu ndani ya moyo wanaamini kitu chochote kinachotembea lazima kuna kani imezidi inakisukuma, na hata wakikariri sheria za Newton neno kwa neno imani hiyo haiondoki. Newton alichokitoa 1687 kinasema kinyume chake: kani haitakiwi ili kitu kiendelee kwenda, kani inatakiwa ili mwendo ubadilike. Kilichosimama kikae kimesimama, kinachokwenda kiendelee vile vile kwa mstari ulionyooka, mpaka itokee kani ambayo haijafutwa na nyingine.

Mwambie afikirie boti ya mashine inayovuka kutoka gati ya Lamu kwenda upande wa uwanja wa ndege Manda, ashaipanda hio si mara moja. Nahodha anapotoka gatini anafungua mashine na wewe unahisi mgongo unarudi nyuma, hapo mashine inasukuma zaidi ya maji yanavyozuia na mwendo unapanda. Lakini maji nayo, kadri chombo kinavyokwenda mbio ndivyo yanavyozuia zaidi, kwa hivo inafika mahali kusukuma na kuzuia kunalingana, na kuanzia hapo mgongo umetulia, boti inakwenda mwendo ule ule mpaka karibu na Manda. Je boti ilisimama pale kani zilipolingana? Haikusimama. Ilibaki na mwendo ilioupata wakati kani hazijalingana. Akizima mashine katikati ya mlango wa bahari ndo inapungua, manake sasa kuna kani moja tu imebaki, ya maji, na hio inarudi nyuma.

Sanduku ni hivo hivo. Kuna mtu alilitoa mahali lilipokuwa kwa kani kubwa kuliko 200 N, swali halikutusimulia sehemu hio, likaanza hadithi pale mwendo ushatulia. Basi.

Sasa nieleze ninavyowafanyisha mimi. Kabla ya kugusa fomula yoyote mtoto anachora sanduku peke yake, bila sakafu, bila mtu, na anachora mishale ya kila kitu kinacholigusa pamoja na uzito wake. Uzito chini, 50 × 10 = 500 N (shuleni kwetu Kenya wanachukua 10 N kwa kilo, asitumie 9.8 kama hajaambiwa). Sakafu inasukuma juu. Kamba inavuta mbele 200 N. Msuguano unarudisha nyuma. Mishale minne, hakuna wa tano, na ukiona mtoto kachora mshale wa tano kaandika "kani ya mwendo" ujue ile imani niliyosema bado imo, mrudishe kwenye boti. Alafu ajiulize jambo moja: mwendo unabadilika? Hapa haubadiliki, kwa hivo mbele na nyuma zilingane, juu na chini zilingane. Msuguano 200 N. Sakafu 500 N. Koifishenti ni msuguano kugawa kwa kani ya sakafu, 200 ÷ 500 = 0.4, haina kipimo chochote mbele yake.

Ile pembetatu ya fomula wanayouziwa kwenye karatasi, unaficha herufi moja unapata nyingine, mimi siipendi kabisa. Inampa mtoto jibu bila kumuuliza kani ipi. Na kwenye pawa ndipo inapomuangusha.

Tuje pawa basi. Pawa ni kazi inayofanyika kila sekunde, na kama kani inaelekea upande wa mwendo basi pawa = kani × kasi. Kani ya nani? Swali limesema pawa ya mvutaji, kwa hivo ni kani ya mvutaji, 200 × 0.6 = 120 W (wati, yaani jouli za kazi kila sekunde). Kijana alichukua kani iliyobaki baada ya kutoana, ambayo kweli ni sifuri, akazidisha. Sifuri yake ina maana lakini si jibu la swali hili: inasema sanduku haliongezewi nishati ya mwendo. Mvutaji anaingiza jouli 120 kila sekunde, msuguano unazitoa jouli 120 kila sekunde na kuzifanya joto kwenye sakafu na kwenye mbao ya sanduku, mwendo wa sanduku lenyewe hauongezewi kitu. Jasho la mvutaji ni la kweli, na ukishika chini ya sanduku lililoburutwa mbali utahisi uvuguvugu. Kwa hivo kani iliyobaki ni ya kutafutia mchapuko, na kani ya mfanyakazi ni ya kutafutia pawa yake, asizichanganye mbili hizi na nusu ya makosa ya mada hii itaisha.

Sehemu ya mwisho ni nyepesi. 260 − 200 = 60 N imebaki, gawa kwa kilo 50, mchapuko 1.2 m/s kila sekunde. Msuguano haukupanda kwa sababu kani ya kuvuta imepanda, maana sakafu bado inasukuma 500 N ile ile.

Dada uliandika pia kwamba kijana anabisha sanduku likilazwa kwa ubavu mpana msuguano utaongezeka. Kwa vitu vikavu vigumu kama mbao juu ya sakafu, haiongezeki, na hili lilishapimwa zamani na Mfaransa Guillaume Amontons, 1699. Ubavu ukiwa mpana kweli sehemu nyingi zaidi zinakaribiana, lakini uzito ule ule umegawanyika kwa sehemu zote hizo kwa hivo kila mahali panabanwa kidogo, na mwisho inatoka sawa. Mchanga wa pwani ni habari nyingine kwa sababu chombo kinazama ndani yake na kusukuma mchanga mbele, hapo upana una kazi.

Na kwa vile nimetaja pwani, naomba nimalize kiu yangu hapa, maana mfano ninaoupenda kuliko wote ni kupandisha mashua ufukweni. Tuseme mashua ina kilo 600, uzito 6000 N, na ufuo umeinuka mita 1 kwa kila mita 10 unazotembea. Uzito unairudisha chini ya mteremko kwa moja ya kumi yake, 600 N. Kani ya ardhi kuisukuma ni karibu 6000 N bado, maana mteremko ni mdogo. Ukiweka mbao zilizopakwa shahamu chini yake, koifishenti tuchukue 0.3 ikiwa imesimama na 0.2 ikishaanza kuteleza (nimechagua namba za kufanyia hesabu, mbao na mbao zinatofautiana). Kuing'oa panatakiwa 1800 + 600 = 2400 N. Ikishaanza, 1200 + 600 = 1800 N tu. Wakiwa watu wanane, kuing'oa kila mmoja atoe 300 N, kuendelea nayo 225 N. Sasa angalia kwa nini watu wanaitikia kwa pamoja wanapovuta: ukivuta wewe sasa hivi na mwenzio baada ya sekunde mbili, hakuna wakati ambapo jumla inafika 2400, na msuguano wa kusimama una tabia ya kujirekebisha, ukivuta 1000 nao unajibu kiasi cha kukuzuia tu, ukivuta 2000 unajibu vivyo hivyo, mpaka uvuke mpaka wake. Wakivuta wote kwa mpigo mmoja mpaka unavukwa, chombo kinatoka kwa mtikisiko na baadae kinakuwa chepesi. Na pawa je? Chombo kikienda 0.1 m/s ni 1800 × 0.1 = 180 W kwa watu wote wanane. Kidogo mno! Watoto wanashangaa, wanadhani kazi nzito lazima pawa iwe kubwa, lakini kani kubwa kwa mwendo wa kobe inatoa pawa ndogo. Linganisha na mashine ya hospawa 15. James Watt alipotaka kuonyesha mashine za mvuke zina thamani gani alizilinganisha na farasi, na kwa vipimo vya leo hospawa moja ni kama wati 746, kwa hivo mashine ile ni zaidi ya wati 11,000.

Maswali mengine yanaleta kamba iliyoinuka, na hapo wengi wanaandika kani ya sakafu 500 N kwa mazoea. Sanduku lile lile, 200 N zile zile, lakini kamba imeinuka digrii 30. Mbele inabaki 173 N (200 × cos 30), juu inasaidia 100 N (200 × sin 30), sakafu sasa inasukuma 400 N tu, msuguano unashuka hadi 160 N, na sanduku linaongeza mwendo kwa sababu 13 N zimebaki. Mgeuze mtu awe nyuma anasukuma kwa kuinamia chini digrii 30: sakafu inasukuma 600 N, msuguano 240 N, na 173 N zake hazitoshi. Ndo mahamali wenye kamba wanapenda kutangulia mbele ya mzigo. Pawa hapo ni ile sehemu ya mbele tu mara kasi, 173 na si 200.

Vipimo sirefushi: dakika ziwe sekunde, sentimita ziwe mita, kilo zisiitwe nyutoni. Na swali la mtu anapanda ngazi, achukue kimo cha wima na si urefu wa ngazi kwa mshazari. Mtoto wa kilo 45 akipanda mita 3 kwa sekunde 4 ni 450 × 3 ÷ 4, yaani 337.5 W, ampime ndugu yake kwenye ngazi za nyumbani atafute yake.

Dada, mpe na hili alifanye kesho, asianze kabla ya mchoro. Hamali anavuta mkokoteni wa kilo 120 kutoka kusimama, njia imelala sawa, kani ya kuvuta 150 N, vinavyozuia jumla 90 N. Atafute mchapuko, mwendo na umbali baada ya sekunde 4, kazi ya hamali, pawa yake ya wastani, na pawa yake pale sekunde ya 4 inapogonga. Kisha aseme avute kwa kani gani ili mwendo ule usibadilike na pawa itakuwa ngapi.

Majibu: 0.5 m/s kila sekunde, 2 m/s, mita 4, jouli 600, wastani 150 W, sekunde ya 4 ni 300 W. Kuendelea na mwendo ule ule ni 90 N, 180 W. Alafu ahakikishe mwenyewe: msuguano umekula 90 × 4 = 360 J, nishati ya mwendo ni nusu ya 120 mara 2 mara 2 = 240 J, zijumlishe uone kama zinarudi 600. Akipata tofauti apige picha mchoro wake pamoja na hesabu uweke hapa, nitaupitia baada ya isha inshallah.