Usikimbilie kubadilisha turbo

Ndugu uliyeambiwa na fundi ubadilishe turbo nzima (feni inayosukuma hewa kwenye injini) kwa sababu ya oili: oili kidogo ndani ya paipu ya intakula (kipozea hewa inayotoka kwenye turbo) si ushahidi kwamba turbo imekufa. Utando mwembamba huja na mvuke wa injini yenyewe. Ikijaa hadi kutiririka, hapo kuna jambo.

Anza na mrija unaorudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Oili hushuka humo kwa uzito wake tu, haisukumwi na pampu. Mrija ukiziba masizi au ukipinda, oili inarudi nyuma na kupenya kwenye sili (pete za kuzuia oili) za turbo ambazo ni nzima kabisa. Valvu ya kupumulia injini (inayotoa ule mvuke wa ndani) ikiziba, matokeo ni yaleyale. Ukifunga turbo mpya bila kugusa hivyo viwili, nayo itavuja.

Kisha injini ikiwa imepoa, shika shafti ya turbo (mhimili wenye mapanga yake): kucheza kidogo kando ni kawaida, lakini ukihisi inaingia na kutoka, au mapanga yamekwaruza nyumba yake, turbo imechoka kweli.

Kama oili inavujia nje ya injini, osha injini, endesha kidogo, halafu tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa; uvujaji unaanzia hapo.