Kiss Kiss Bang Bang, na siku nilipotumika kumshusha staa bei

Mkuu, umeomba picha ya upelelezi inayowacheka watu wa sinema wenyewe, isiwe ya kawaida. Tafuta Kiss Kiss Bang Bang ya 2005, ya Shane Black, yule aliyeandika Lethal Weapon.

Robert Downey Jr. ni Harry, kibaka wa New York. Anavunja duka la midoli, mwenzake anapigwa risasi, yeye anakimbia polisi na kujikuta kwenye chumba cha usaili wa waigizaji. Anapewa karatasi asome. Maneno yaliyomo yanamkumbusha mwenzake, analia kweli, na wenye kamera wanadhani wamepata kipaji. Huyo Los Angeles, akafundwe upelelezi na Perry, mpelelezi anayechezwa na Val Kilmer. Maiti zinaanza.

Msimuliaji ni Harry mwenyewe, na anaboronga makusudi: anasahau kitu, anasimamisha picha, anaomba radhi, anarudi nyuma. Kisa kina mafundo mengi, mara ya kwanza utapotea. Ila usitazame iliyotafsiriwa na DJ, utamu wote uko kwenye majibizano. Na usiiweke sebuleni wazee wakiwepo.

Kilichonimaliza ni kitu kidogo tu. Perry anamfungulia Harry macho: hukuitwa kwa kipaji, uliletwa ili staa Colin Farrell apunguze bei. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nimeshawahi kuwa Harry.

Enzi zile Bongo Movie zinatoka kila wiki Kariakoo, prodyuza mmoja aliniita Sinza nifanye usaili wa stelingi. Nikacheza sini mbili kwenye baraza ya gesti, kamera inarekodi. Akanishika bega: "Dogo, umetisha. Fuga ndevu, tunaanza mwezi ujao." Nikafuga, na joto lile la Desemba, shingo yote vipele. Mtaani wakaanza kuniita staa, na mimi nikawa naitika.

Kumbe ile video alikuwa anamwonyesha staa mwenyewe: huyu anafanya kwa robo ya hela yako. Mpiga kamera ndiye aliyenipa umbea huo baadaye. Staa akashuka, wakamalizana.

Mimi nikapewa mlinzi wa getini, maneno mawili: "Karibu, bosi." Siku ya kushuti prodyuza akanikazia macho, akauliza mlinzi gani huyu ana midevu kama shehe. Nikanyolewa palepale, nimekaa juu ya ndoo, kwa wembe wa dada wa mekapu.