Bibi yako nilimnyamazisha

Mama,

Ujumbe wako niliusoma juzi usiku nikaurudia tena asubuhi kabla sijapeleka gunia la korosho chama cha msingi cha ushirika. Unasema kwenye feloshipi ya hapo chuoni wenzako wakisali wanalia mpaka wanakaa chini, we umekaa pale Warumi umeisoma sura kwa sura, ukiulizwa unajibu vizuri, ila ndani hamna kinachotikisika, na unaniuliza mimi baba yako kama imani yako ni ya kichwani tu. Nimeanza kukujibu mara tatu nafuta, maana kila nikianza namuona bibi yako, huyo uliyebeba jina lake.

We hukuwepo 1998, mwaka ule mvua za Elnino zilikuwa hazijatuacha vizuri, tulipomzika kaka yako. Habari ya ugonjwa wake mnaijua, sirudii. Msiba ulimkuta bibi anabangua korosho, akaja mbio hivohivo hata mikono hajanawa, na yale mafuta ya ganda unayajua yanavyobabua, kwa hiyo akawa anajifuta machozi kwa kiwiko. Kwa kiwiko mama. Hiyo picha haijanitoka mpaka leo.

Mimi nilikuwa mzee wa kanisa kijana, nikaombwa niseme neno makaburini, nikafungua Yohana 11 nikasoma ule mstari wa 25, mimi ndimi huo ufufuo na uzima, nikaufafanua na sauti haikutetemeka hata kidogo. Watu wakanisifu, eti baba wa marehemu ana imani. Bibi akapiga yowe katikati ya maneno yangu, yowe la kinamama wa kwetu hapa Masasi, nikamgeukia mbele ya watu nikamwambia mama nyamaza, sisi tuna tumaini. Akanyamaza. Akanyamaza moja kwa moja, akainamisha kichwa kama mtoto aliyechapwa, na kuanzia siku ile mpaka anafariki 2009 sikumuona tena analia mbele yangu. Alikuwa akinisikia naingia uani anajifuta haraka anashika kazi. Mimi nikadhani amekomaa kiroho, kumbe nilimfundisha kunificha.

Sasa sikia, na nimeshalisema hili nyumbani mpaka mama yako analijua kwa kichwa: Bwana alijua kabisa anaenda kumfufua Lazaro, na bado alilia. Mstari wa 35 uko palepale mbele kidogo ya ule niliousoma kaburini, mistari kumi tu mama, nami niliishia 25 nikafunga kitabu. Na ule wa Wathesalonike niliouchukua kumnyamazishia, Paulo hakusema msihuzunike akaweka nukta, alisema tusihuzunike kama wasio na matumaini, maana yake kuhuzunika kupo. Niliukata mstari katikati nikampiga nao mzazi wangu.

Saa ingine najitetea. Babu yako aliingia jando la kanisa, lile la enzi za Askofu Lucas wa hapa Masasi aliyeona ni bora jando lifanywe Kikristo kuliko kulipiga marufuku, likawa na sala na padri, lakini kisu ni kisu, na mvulana alifundishwa kujikaza. Akanirithisha kujikaza, na mimi kule kujikaza nikakuita imani. Halafu najiuliza, hivi kanisa letu hapa lilianzishwa na nani? 1876 Askofu Steere wa misheni ya Waanglikana alipita Lindi na watu waliotolewa utumwani wakaja kukaa hapa, watu waliochukuliwa kwa mama zao. Jumapili yao ya kwanza wangeambiwa nyamazeni tuna tumaini, wangebaki wangapi?

Lakini ngoja, usije ukafikiri nasema anayelia ndo anayeamini. Jirani yetu wa kule bondeni unamkumbuka, alilia kwenye mkutano wa mhubiri wa kupita akatoa pesa yote ya mnada wa kwanza wa korosho, na salfa ya kupulizia mikorosho msimu uliofuata akakopa. Machozi yake yalikuwa ya kweli kabisa, sikatai, ila yule aliyeyachuma hakuwa na nia njema. Akili Mungu katupa tuitumie. Mpende Bwana kwa moyo wako wote na roho yako yote, afu inafuata akili zako zote, vyote viko kwenye sentensi moja, mimi nilichagua kimoja nikawalazimisha wengine.

Na kuna jambo nimeligundua nimeshazeeka, labda linakuhusu. Martha na Mariamu, dada zake Lazaro, walimwambia Bwana maneno yaleyale, Bwana kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa. Martha akajibiwa kwa mafundisho, wakaongea, na kwenye maongezi yale ndo akakiri wewe ndiwe Kristo. Mariamu alikuja analia, yeye hakupewa somo, Bwana naye alilia. Martha hakuambiwa nenda kalie kwanza. Mariamu hakuambiwa nyamaza. Aliyesema nyamaza ni mimi.

Sasa kuhusu hiyo feloshipi, kama uendelee au urudi kanisani kwetu huko mjini, na kama moyo wako ni mkavu au umejikaza kama wangu, nina jibu na ulimi unaniwasha kweli, mama yako kaniambia usimwambie, safari hii muache. Nakuuliza tu, ukiwa peke yako chumbani taa imezimwa, kuna mtu unamuogopa akuone? Usinijibu kwa simu.

Mnada wa wiki hii ukilipa nitakutumia nauli uje Desemba. Nataka tukalisafishe kaburi la bibi kabla majani hayajapanda, na safari hii Yohana 11 usome wewe, mimi nikishindwa kusimama nitakaa.

Baba yako