Maswali ya magari: taa ya injini inafutwa, inarudi

SWALI: Gari langu ni la petroli, injini ya lita 1.5. Taa ya injini iliwaka, kifaa cha kupimia kikaonyesha kodi (namba ya kasoro) P0171. Fundi akabadilisha sensa ya oksijeni na kufuta kodi. Siku chache baadaye taa ikarudi na kodi ileile. Tumefuta tena, imerudi tena. Nibadilishe nini sasa?

JIBU: Usinunue kitu chochote kwanza. P0171 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na aliyeleta taarifa hiyo ni sensa yenyewe. Mjumbe hauawi.

Taa inachelewa kurudi kwa sababu kasoro nyingi za aina hii lazima zionekane katika safari mbili mfululizo ndipo kompyuta iiwashe. Ukifuta kodi, au ukitoa waya wa betri, unafuta pia kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kasoro ilipotokea: joto, mwendo, mizigo ya injini. Iandike kabla ya kufuta.

Pasha injini moto hadi joto lake la kawaida, zima AC, kisha kwenye kifaa cha kupimia fungua data hai (namba zinazosomwa injini ikifanya kazi) na utafute STFT na LTFT. Hayo ni marekebisho ya mafuta kwa asilimia, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Jumlisha yote mawili. Kati ya -10 na +10 hakuna tatizo. Yakikaribia +25, taa itawaka. Soma jumla hiyo bila kukanyaga mafuta, kisha shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika kwa nusu dakika na usome tena.

Ikiwa iko juu bila kukanyaga na inashuka karibu na sifuri kwenye 2,500, kuna mahali hewa inaingia kwa wizi. Injini isipokanyagwa huvuta hewa kidogo, hivyo tundu dogo huwa sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga, wizi huo humezwa. Ikiwa iko chini bila kukanyaga na inapanda kadiri unavyokanyaga, shuku mafuta hayafiki ya kutosha (filta imeziba, pampu imechoka) au sensa ya kupima hewa imechafuka. Kipimo hiki kinafaa magari yenye sensa hiyo kwenye bomba baada ya kichujio cha hewa. Yenye sensa ya mgandamizo peke yake hayajibu hivi.

Kutafuta tundu kunahitaji subira. Anza na bomba la mpira kati ya kichujio na throtobodi (lango la kuingizia hewa kwenye injini): likunjue kwa mkono, kwa sababu nyufa za kwenye mikunjo hufunguka injini inapojipinda tu. Fuata hosi ya valvu ya kupumulia injini, ambayo mara nyingi imejificha nyuma, kisha hosi ya buusta ya breki na mfuniko wa oili. Injini ikiwa inanguruma, bana kila hosi laini kwa koleo lisilokata huku ukitazama STFT. (Ile ya buusta ibane gari likiwa limesimama tu.) Namba ikishuka ghafla, umepata. Usipulizie petroli wala dawa ya kabureta kwenye injini yenye moto. Inaweza kulipuka mikononi mwako.

Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu tu. Zima swichi, chomoa soketi, fungua skrubu, pulizia bila kugusa waya, acha ikauke kabisa. Injini ya lita 1.5 iliyopata moto, bila kukanyagwa, kwa kawaida husoma takriban gramu 1.5 hadi 3 kwa sekunde.

Na kwa kuwa sensa ya oksijeni imefunguliwa karibuni, hakikisha imekazwa sawasawa na gasketi ya ekzosi iliyo mbele yake haivuji. Hewa ikiingia hapo, sensa huripoti upungufu wa mafuta ambao haupo.

SWALI: Nikipanda mlima taa inapepesa na injini inatetemeka. Kodi ni P0302. Plagi zote ni mpya.

JIBU: P0302 ina maana silinda ya 2 inamisi, yaani haichomi mafuta ipasavyo. Taa inayopepesa ina maana petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya ekzosi (kifaa kinachosafisha moshi) na kuyachoma. Achia mafuta mara moja na upunguze mwendo.

Injini ikipoa, badilishanisha koili ya silinda ya 2 na ya 1, futa kodi, endesha taratibu. Ikija P0301, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, hamisha plagi ya silinda ya 2 kwenda ya 3. Upya wake si ushahidi, kwani ufa mwembamba kwenye kauri unatosha kuifanya imisi ikipewa mzigo. Kukiwa na oili kwenye shimo la plagi, gasketi ya kava ya valvu inavuja na mpira wa koili utaharibika tena. Kodi isipohama kabisa, inabaki nozeli (kinyunyizio cha mafuta), kisha kipimo cha kompresheni.

SWALI: P0420 ina maana masega yamekufa?

JIBU: Huenda, kwani kodi hiyo inasema masega hayasafishi moshi vya kutosha, lakini tazama kwanza sensa ya nyuma, yaani sensa ya oksijeni iliyo baada ya masega. Injini ikiwa na moto na mwendo ukiwa wa utulivu, inapaswa kutulia karibu na volti 0.6 hadi 0.7. Ikipanda na kushuka harakaharaka kati ya 0.1 na 0.9, masega hayafanyi kazi. Kabla ya kuyabadilisha, ziba uvujaji wote wa ekzosi na umalize tatizo la kumisi au la injini kula oili, vinginevyo mapya yataharibika kwa njia ileile.